Jibu la Mwenzako

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na kila anayelala chini ya paa lako. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba umeacha ubishi wako wa kupanda ngazi na ndoo mkononi kana kwamba bado tuna miaka ishirini. Tulifundishwa wote wawili kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima, wasiwasi ni kwako uliye mbali. Leo naomba niruke hapo. Mimi si mzima, na tusilizunguke. Daktari ameacha kunipangia tarehe za kurudi. Ananiambia nirudi nikijisikia. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, namjua mtu aliyeishiwa na la kusema.

Naandika kidogo kidogo. Mkono unachoka kabla ya akili, na ukishapumzika, akili nayo imechoka. Ukiona mwandiko umebadilika katikati ya mstari, ujue nililala hapo. Muuguzi anayenihudumia alijitolea niseme yeye aandike, nikamshukuru na kukataa. Yapo maneno ambayo hupaswi kumbebesha mtu mwingine kabla ya mwenyewe kuyapata.

Kitanda changu wamekisogeza dirishani, upande wa ukuta wa shule. Asubuhi nasikia kengele na walimu wakifokea wachelewaji. Jioni, shule ikishatawanyika, nasikia vizibo vya soda vikigongwa juu ya ubao, kicheko, halafu kimya, halafu tena kicheko. Hicho ni chumba cha drafti. Unakumbuka ulivyonicheka nilipokianzisha? Ulisema dada yako amesoma, amesoma, mpaka elimu ikamrudisha kijiweni.

Ndicho ninachotaka kukuandikia, hicho chumba, na mwanao. Najua humtaji. Tangu mazishi ya shemeji, katika barua zako zote umekuwa ukisema wasalimie wote, naye amekuwa mmoja wa wote. Alipooa ulituma mashuka mazuri, wewe mwenyewe hukuja. Sikulaumu. Ukishaamini kwamba mtoto wako amekataa kumzika baba yake, utamwandikia nini? Lakini vumilia nianzie mbali kidogo. Uzee hauna njia ya mkato, na jambo lenyewe haliwezi kueleweka bila chumba.

Wakati ule nilikuwa naibu mkuu wa shule, na nidhamu ilikuwa mzigo wangu. Mtoto akipigana, analetwa kwangu. Akitoroka, kwangu. Siku moja nililetewa wavulana wawili waliokamatwa nyuma ya maabara wakicheza drafti kwenye kipande cha boksi walichokichora kwa mkaa. Niliwaweka nje ya ofisi wangoje adhabu, nikasahau, nikashikwa na kazi. Nilipotoka niliwakuta wamelirudisha boksi lao magotini na wanaendelea. Wale wawili, ambao hakuna mwalimu aliyewahi kuwatuliza kwa kipindi kimoja, walikuwa wametulia tangu asubuhi bila kusimamiwa na mtu. Mmoja aliniona akaniomba, kwa adabu zote, nimvumilie kidogo kwa sababu alikuwa karibu kupata kingi. Nilishindwa kumwadhibu. Nilivuta kiti nikatazama.

Nikaomba stoo ya nyuma ya maabara, ile iliyojaa madawati yaliyovunjika. Mkuu wa shule aliniambia mbele ya wenzangu kwamba mwakani nitaomba bajeti ya karata na kahawa, na walimu wakacheka mpaka wakafuta macho. Nilicheka nao. Kisha nikatafuta funguo.

Nikawaleta wale wa kwangu: wapiganaji, watoro, na wasichana waliokuwa wakinong'ona hata wakiulizwa majina yao. Na niliweka sharti moja tu la kucheza, ambalo ndilo nililojivunia maisha yangu yote. Kabla hujasogeza kete, sema kwa sauti mwenzako atajibu nini. Si lako wewe, la mwenzako. Unasema, nikienda hapa, yeye atakuja pale. Ukishasema, ndipo unasogeza. Usiposema, zamu yako imepotea.

Huwezi kuamini jinsi lilivyowatesa. Alikuwapo kijana mmoja mrefu, aliyekuwa amevunja kioo cha darasa kwa ngumi, mtu wa kurusha mkono kwanza na kuuliza baadaye. Wiki za mwanzo alipoteza zamu nyingi kuliko alizocheza. Mwenzake alimwambia kete zake zinaomba likizo zikapumzike nyumbani. Alivimba, nikadhani ataupindua ubao. Kisha siku moja alianza kusema, nikienda hapa, yeye atakula hii, halafu... akabaki na mkono hewani, kama mtu aliyesikia anaitwa kwa mbali. Akaurudisha mkono. Mdogo wangu, ni wangapi kati yetu watu wazima tunaoweza kuurudisha mkono? Na wale wa kunong'ona, sharti liliwalazimisha kuongea, na wakishaongea wakagundua kwamba hakuna aliyekufa.

Hapo katikati ndipo ulipomleta mwanetu. Ulisimama na begi lake getini ukaniambia kwamba yeye na baba yake wanafanana mno, ndiyo maana nyumba moja haiwatoshi. Walikuwa wamefikia pale ambapo shemeji alimwambia asikanyage tena kizingiti chake mpaka ajifunze kuomba radhi, naye akajibu kwamba basi kizingiti kitapumzika. Ulilia kidogo, ukajifuta, ukaniambia nimtunze.

Nilimtunza, na chumba kikamtunza. Watoto walimwita Kobe. Alikuwa akifikiri mpaka wenzake wanatangaziana waende nyumbani wakale, wakirudi watamkuta bado anaangalia kete ile ile. Hakujali. Alipofungua mdomo kusema mwenzake atajibu nini, alikuwa sahihi karibu kila mara, na wengine walianza kumwogopa, wakisema Kobe anaingia kichwani bila kubisha hodi. Alikuwa ananikisia hata mimi. Nikiingia na uso fulani, anainuka kunipikia chai.

Sasa ni mtu mzima mwenye mvi mbili tatu ndevuni. Mchana ni fundi wa lifti, anashuka na kupanda ndani ya mashimo ya majengo marefu na taa kichwani. Jioni anakuja chumbani. Nilipostaafu alikichukua yeye, bila kuombwa, na amekiongoza vizuri kuliko mimi. Ameleta sataranji pia, kwa wale wakubwa. Ana mke mpole, na akitoka chumbani hupita hapa kwangu, ananikata kucha na kunisimulia nani kamfunga nani. Mashuka yako yako kabatini kwao, hayajatandikwa. Mkewe aliniuliza kwa nini. Nilimwambia amwulize mumewe.

Majuzi, nilipokuwa bado naweza kutembea kwa kushikwa mkono, aliniomba nikawaone watoto. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango. Msichana mmoja mdogo wa miwani alikuwa akicheza na kijana mkubwa mwenye maringo. Kijana akasema kwa sauti, nikienda hapa atakula kwa kulia, akasogeza. Nilitegemea mchezo uendelee. Haukuendelea. Kijana alimgeukia msichana akamwuliza kama kweli ndivyo alivyokuwa anataka kujibu. Msichana akacheka, akasema wala, hata haikunipitia akilini, mimi nilikuwa nataka kukusogelea upande wa kushoto, na wewe kaka unajifanya nabii. Chumba kizima kilimzomea yule kijana. Alijikuna kichwa, akacheka naye.

Nilimwuliza mwanao hilo limetoka wapi, maana si sharti langu. Alinijibu bila uzito wowote, huku akiokota kizibo kilichoanguka. Alisema amegundua kwamba watoto wanazidi kuwa hodari wa kukisia na wanazidi kuwa wabaya wa kusikiliza. Wanakuwa na uhakika mno. Kwa hiyo ameongeza: ukishasema jibu la mwenzako, mwulize. Alisema kukisia ni nusu tu, Mama mkubwa, nusu nyingine ni kuuliza. Kisha akaenda kuwatenganisha wawili waliokuwa wanabishana.

Niliomba nirudishwe nyumbani. Walidhani ni ugonjwa.

Sasa nakuja penyewe, na sitapumzika tena mpaka nimalize hapa.

Ile Ijumaa ulipopiga simu ofisini, sauti yako ilikuwa imekauka. Uliniambia shemeji amefariki alfajiri, mazishi ni kesho, nimwambie mtoto aje. Uliniambia na jambo jingine: kwamba usiku wake wa mwisho baba yake alimwulizia. Alisema, yule wangu yuko wapi. Nilikuahidi kwamba naenda kumwita na kwamba utapigiwa.

Nilienda. Nilitembea mpaka mlangoni pa chumba. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mashindano ya drafti ya shule zote. Idara ya elimu ilikuwa imeshaandika kwamba chumba kirudishwe kuwa stoo, na ofisa wao alikuwa amekubali kuja kutazama. Aliniambia waziwazi kwamba watoto wangu wakionyesha kitu, chumba kitabaki, wasipoonyesha, atatuma watu warudishe madawati mabovu. Mwanetu ndiye aliyekuwa akicheza ubao wa kwanza. Nilimkuta ameinama, ameshika kidevu. Hakuniona.

Nikasimama pale, nikafanya nililokuwa nikiwafundisha. Nikajisemea moyoni: nikimwambia, atajibu kwamba haendi. Atasema baba alimfukuza, na kwamba kizingiti kipumzike. Nilimsikia kabisa akisema, kwa sauti yake. Nikageuka. Nikarudi ofisini, nikakupigia, nikakuambia mtoto amekataa. Ulisema, haya basi, ukakata simu.

Mdogo wangu, hakukataa. Hakuulizwa.

Jumapili, baada ya mashindano, ndipo nilipomwambia kwamba baba yake amefariki na ameshazikwa. Na kwa kuwa uwongo mmoja haukai peke yake, nilimwambia kwamba wewe mwenyewe ulisema ni afadhali asije, kidonda bado kibichi, watu wangekumbuka ugomvi. Nilikujibia na wewe. Aliniuliza kama hayo ndiyo maneno yako hasa. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama baba yake alimtaja. Nikasema sikusikia.

Kwa hiyo miaka yote hii wewe umeishi na mtoto aliyekataa, naye ameishi na mama asiyemtaka, na wote wawili mmeniletea uchungu wenu niwafariji. Nami niliwafariji. Hapo ndipo aibu yangu inapokaa.

Nilitaka kukuambia kwamba nilikosea kukisia. Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta, kwa sababu ningekuwa nakudanganya mara ya pili. Nilihitaji aketi kwenye ule ubao. Kisio langu lilianguka pale pale nilipotaka lianguke, na mwalimu mzima wa kufundisha watoto kufikiri hakujiuliza kwa nini. Tulishinda. Chumba kilibaki. Yule wa ngumi sasa anaendesha gari la wagonjwa, na mmoja wa wale wa kunong'ona ni mkunga, nimesikia sauti yake ikiamrisha wodi nzima. Nimejaribu mara nyingi kuwapanga hao upande mmoja wa mzani na wewe na mwanao upande wa pili. Nimechoka kupima, na sidhani mzani ulitengenezwa kwa kazi hiyo. Nisingetaka chumba kile kisiwepo. Na nisingetaka nilichokifanya kiwe kimefanyika. Nakufa na vyote viwili.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliamua kukiwahi kifo. Jumanne mwanao alipokuja kunikata kucha nilimwambia. Alikuwa ameshamaliza mkono wa kushoto. Nilimweleza yote, hata lile la baba yake kumwulizia. Hakuinua uso. Aliuchukua mkono wa kulia akakata kucha zote, taratibu, mpaka ya mwisho, akakusanya vipande kwenye kiganja, akaenda kuvitupa. Nikasikia mlango wa nje. Hakurudi kesho yake, wala kesho kutwa. Chumba cha drafti kilikuwa kimya jioni zile, na nilijua sina haki ya kukiulizia.

Aliporudi alisimama mlangoni, hakukaa. Alinifokea, mdogo wangu, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alisema nilimfundisha kuwasikia watu wasiosema, na kumbe nilikuwa nimemziba masikio kwa mkono wangu mwenyewe. Alisema angekwenda. Alisema angekwenda kwa miguu. Alisema mashindano yale angeyapoteza na kila shindano lililofuata, ilimradi aushike upande mmoja wa jeneza. Mimi sikujitetea. Baadaye aliketi chini, akaegemea kitanda, akaniuliza baba yake alisemaje hasa. Nikamrudia: yule wangu yuko wapi. Akaniomba nirudie tena. Nikarudia mpaka sauti ikaniishia.

Mwisho aliniambia nikuandikie kwa mkono wangu, nisimwombee lolote, na nisijiombee kupitia yeye. Nimetii. Msamaha wangu siuweki kwenye barua hii. Ukitaka kuuzungumzia, njoo ukiweza, na usipoweza nitaelewa. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama baada ya muda wote huu utampokea. Midomo yangu ilikuwa imeshafunguka kumjibu. Nimekujua tangu ulipokuwa unatambaa, nani wa kunifundisha utasema nini? Niliifunga. Nilimwambia sijui, aende akakuulize.

Nimechoka sasa, kwa hiyo salamu zangu nitazifupisha. Wasalimie majirani wanaonikumbuka, na yule fundi cherehani wa mbele ya nyumba yako, kama bado ana maneno mengi kuliko nguo. Wape wajukuu mabusu yangu, waambie bibi yao wa mbali aliwapenda bila kuwaona vya kutosha. Tunza goti. Mwambie daktari wako ukweli, usimwambie unajisikia vizuri ili tu akuruhusu uende zako.

Muuguzi aliyekukabidhi barua hii hakusafiri peke yake. Mwanao yuko hapo nje, kwenye benchi la fundi cherehani. Amekataa kuingia mpaka umalize kusoma, na hatabisha hodi, kwa sababu bado hajasikia kwako mwenyewe kwamba hukusema asije. Usinikasirikie kwanza. Hasira juu yangu ipo, haitaharibika. Toka mwenyewe ukamwite, umwite kwa lile jina ulilompa ulipomzaa. Hapa kwangu hakuna anayelitumia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda,
Mwalimu